Kiungo na Mabao ya Wenzake: Ubishi wa Umm Salal Unaofika Hadi Kariakoo

Saa za Doha na za Dar es Salaam ni zile zile. Kipenga kikipulizwa saa 11 jioni kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Umm Salal nako ni saa 11 jioni. Waswahili wanaofanya kazi katika mji huo wa kaskazini mwa Doha, walinzi, madereva, mafundi na wahudumu wa maduka, huweza kuifuata ligi ya nyumbani kwenye simu dakika kwa dakika pamoja na ndugu zao wa Temeke. Siku nyingine Ligi ya Qatar yenyewe inachezwa jirani na wanakolala. Wanaozifuata ligi zote mbili hujikuta wakibishania jambo moja lililowagawa mashabiki tangu zamani: timu ikifunga, sifa ni za mfungaji au za kiungo aliyemfikishia mpira?

Upande mmoja unasema mabao ndiyo ushahidi. Mshambuliaji anayefunga 20 kwa msimu atafunga popote, hata pasi zikiwa mbovu. Upande wa pili unasema mshambuliaji ni wa mwisho tu katika mlolongo, na ukimwondoa fundi wa katikati, huyo mfungaji wenu atabaki kupunga mikono akiomba mpira usiofika.

Pande zote mbili zina mifano ya kweli, na mingi imetokea Qatar kwenyewe au kwenye ligi zetu. Ikiwekwa pamoja inaonyesha kwamba ubishi huu una jibu, ingawa halimpi ushindi kamili yeyote kati ya wabishani.

Vipanga wa Barzan

Umm Salal inafahamika kwa minara ya Barzan, majengo ya kale ya ulinzi katika kijiji cha Umm Salal Mohammed, na siku hizi kwa soko kuu la samaki, mboga na matunda. Klabu ya mji huo, ambayo mashabiki huiita Vipanga wa Barzan, ilianzishwa mwaka 1979. Ilipanda ligi kuu kwa mara ya kwanza mwaka 2006, na miaka miwili baadaye ikalitwaa Kombe la Emir, kombe lenye heshima kubwa kuliko yote katika soka la Qatar.

Mwaka 2009 ikafanya makubwa zaidi. Ikishiriki Ligi ya Mabingwa ya Asia, iliitoa Al-Hilal ya Saudi Arabia mjini Riyadh kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 0-0. Katika robo fainali iliifunga FC Seoul ya Korea Kusini 3-2 nyumbani, ikaenda kutoka sare ya 1-1 ugenini. Safari iliishia nusu fainali mbele ya Pohang Steelers, Wakorea wengine, walioshinda 2-0 na 2-1, kisha wakaenda kulibeba kombe lenyewe.

Kwa klabu ndogo, swali la kiungo na mshambuliaji ni swali la matumizi. Kanuni za mashindano ya Asia wakati huo ziliruhusu wageni watatu, na mmoja zaidi akitoka katika nchi ya Asia. Klabu tajiri yenye wazawa wazuri inaweza kuzijaza nafasi hizo inavyotaka. Klabu kama Umm Salal haina anasa hiyo: ikinunua mfungaji, huenda ikakosa wa kumlisha, na ikinunua fundi wa pasi, huenda asipate wa kumpasia.

Katika miaka hiyo Umm Salal ilijaribu njia zote mbili. Mbele ilikuwa na Magno Alves, Mbrazili aliyemaliza msimu wa 2008/09 akiwa mfungaji bora wa ligi. Katikati alipita Fábio César, kiungo mzaliwa wa Brazil aliyechukua uraia wa Qatar, akaanza kuichezea timu ya taifa mwaka 2008, kisha akahamia Al-Rayyan. Januari 2011, katika robo fainali ya Kombe la Asia iliyopigwa Doha, ndiye aliyeifungia Qatar bao la pili kwa mpira wa adhabu dhidi ya Japan, katika mechi ambayo Japan ilishinda 3-2. Mwaka 2023 klabu ilirudia mkakati wa aina hiyo ilipomsajili Oussama Tannane wa Morocco kutoka NEC ya Uholanzi, mchezaji wa mguu wa kushoto anayesifika kwa mipira ya adhabu na pasi za kupenya.

Mpango wa timu ya namna hii huwa wazi kwa kila mtu uwanjani: mpira ukipatikana, mtafute yule mmoja. Hilo ndilo linalompa kiungo wa timu ndogo ukubwa wake, na ndilo linalomrahisishia mpinzani kazi, kwa kuwa naye anajua wa kumbana ni nani.

Kabla mpira haujafika

Mwanzo wa kumwelewa kiungo ni kuangalia anachofanya wakati mpira uko kwa mwingine. Beki wa kati anapouchukua, kiungo mzuri hugeuza shingo kushoto, kisha kulia, kisha tena kushoto. Anahesabu nani yuko mgongoni mwake, nafasi iko wapi, winga ameanza kukimbia au bado. Mpira unapofika miguuni mwake, uamuzi ameshaufanya. Anaupokea mwili umegeuka nusu, bega moja likitazama goli la wapinzani, na mguso wake wa kwanza unamtoa mkabaji njiani.

Profesa Geir Jordet wa Norway amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi kwa kuwarekodi wachezaji, wakiwemo wa Ligi Kuu ya Uingereza, kamera ikimfuata mchezaji badala ya mpira. Aligundua kwamba viungo wanaotazama huku na huko mara nyingi zaidi kabla ya kupokea hukamilisha pasi nyingi zaidi za kwenda mbele. Katika kazi yake hiyo Xavi Hernández anatajwa kama mfano mkubwa wa mchezaji asiyetuliza shingo.

Kazi hiyo haiandikwi kwenye ubao wa matokeo. Mara nyingi haiandikwi hata kwenye takwimu, kwa sababu pasi inayovunja safu ya kwanza ya wapinzani siyo pasi ya bao. Kiungo anampa winga, winga anapiga krosi, mshambuliaji anafunga. Winga anapata asisti, mshambuliaji anapata bao, na kiungo aliyewaacha wapinzani wanne nyuma ya mpira hapati kitu. Wenye takwimu za kisasa sasa wana hesabu inayogawa sifa kwa kila aliyegusa mpira katika shambulizi lililoishia kwa shuti, na nyingine inayowaondoa mpigaji wa shuti na mtoaji wa pasi ya mwisho ili wabaki waliolijenga. Lakini nazo zina kasoro: mchezaji wa timu inayopiga mashuti mengi ataonekana mkubwa hata kama mchango wake ni wa kawaida. Ndiyo maana mifano ya kweli bado inahitajika.

Mabao 100 na kiungo asiyefunga

Mfano mkubwa kuliko yote nchini Qatar ni Al-Sadd ya msimu wa 2018/19. Timu hiyo ya Doha ilifunga mabao 100 katika mechi 22 za ligi. Mshambuliaji wake kutoka Algeria, Baghdad Bounedjah, alifunga 39 peke yake. Agosti 2018 Al-Sadd iliipiga Al-Arabi 10-1, na Bounedjah akatia wavuni saba kati ya hayo kumi.

Katikati ya uwanja alikuwepo Xavi, aliyetimiza miaka 39 msimu ukiendelea, akicheza mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu na kuwa kocha wa klabu hiyo hiyo. Mabao yake mwenyewe yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole. Anayeamini viungo atasema kesi imekwisha: mzee asiyekimbia wala kufunga, timu yake inapachika mabao 100.

Lakini tazama miaka iliyotangulia. Xavi alifika Al-Sadd mwaka 2015, na ligi hakuigusa hadi msimu huo wa nne. Alikuwa na shingo ile ile na pasi zile zile. Msimu wa 2017/18 ubingwa ulichukuliwa na Al-Duhail bila kupoteza mechi hata moja, Xavi akiwa bado uwanjani na Al-Sadd. Kilichobadilika ni watu waliomzunguka. Akram Afif alirejea kutoka Ulaya mwanzoni mwa 2018, akawa na msimu mzima wa kukimbia nyuma ya mabeki. Gabi, nahodha wa zamani wa Atlético Madrid, alikuja kiangazi cha mwaka huo, akaichukua kazi ya kukaba na kumpunguzia Xavi mbio. Bounedjah naye alikuwa katika ubora wake wa juu kabisa.

Kwa hiyo Xavi hakuwa chanzo pekee cha mabao 100, wala hakuwa abiria. Pasi ya kupenya inahitaji mtu anayepenya. Xavi wa 2016 aliiona nafasi kama Xavi wa 2019. Tofauti ni kwamba wa 2019 alikuwa na wawili wanaoikimbilia kabla hajainua kichwa.

Dakika ya 12 mjini Abu Dhabi

Februari 1, 2019, Qatar ilicheza fainali ya Kombe la Asia na Japan mjini Abu Dhabi. Dakika ya 12, Afif alikuwa na mpira upande wa kushoto. Almoez Ali, mzaliwa wa Khartoum, alikuwa ndani ya eneo la penalti amelipa goli mgongo, mabeki wakiwa jirani. Afif alimpa. Almoez aliunyanyua mpira kwa mguso, akaugusa tena ukiwa hewani, kisha akajirusha na kuupiga tiki taka ya kinyumenyume. Mpira ukampita kipa Shuichi Gonda, ukagonga mwamba wa pembeni na kuingia.

Lilikuwa bao la tisa la Almoez katika mashindano hayo, likavunja rekodi ya mabao manane ya Ali Daei wa Iran iliyokuwa imesimama tangu 1996. Dakika ya 27 Afif akampasia kiungo Abdelaziz Hatem nje ya eneo, naye akaupeleka wavuni kwa mguu wa kushoto. Mwishoni Afif mwenyewe akafunga penalti, na Qatar ikashinda 3-1. Alimaliza mashindano akiwa na pasi 10 za mabao.

Bao la kwanza linawagawa mashabiki hadi leo. Pasi ya Afif ilikuwa ya kawaida, na ustadi wote ulikuwa kwenye miguu ya Almoez, lakini kwenye vitabu asisti ni asisti. Bao la pili ni vivyo hivyo: shuti la mbali la Hatem ndilo lililofanya kazi kubwa. Anayehesabu pasi 10 bila kuangalia kila moja ilikuwa ya namna gani atampa Afif sifa nyingi mahali pamoja na chache mahali pengine, maana zipo pia pasi zake za thamani kubwa ambazo wenzake walizipoteza na hazikuandikwa popote.

Afif huorodheshwa kama mshambuliaji, lakini kazi anayofanya ya kushuka, kupokea na kugawa ni ile ile ambayo wengi wetu tungeiita ya namba 10. Kwa wasomaji wa Kiswahili ana uzito wa pekee pia, kwa sababu baba yake, Hassan Afif, ni mwanasoka wa zamani mwenye asili ya Afrika Mashariki. Mwana alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Asia ya 2019 na ya 2023, na katika fainali ya Kombe la Asia dhidi ya Jordan, Februari 2024 kwenye Uwanja wa Lusail, alifunga penalti tatu katika ushindi wa 3-1. Lusail ni jirani na Umm Salal.

Olunga na hoja ya wafungaji

Wakenya walioko Qatar wana shahidi wao, na ushahidi wake unaelemea upande wa pili. Michael Olunga alipokuwa Kashiwa Reysol ya Japan alifunga mabao 28 katika ligi ya 2020, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Timu yake ilimaliza nafasi ya saba. Januari 2021 akaondoka kwenda Al-Duhail. Ataru Esaka, kiungo mshambuliaji aliyekuwa akimlisha, alibaki Kashiwa kwa nusu ya kwanza ya msimu uliofuata. Fundi yupo, mfungaji hayupo, na timu ikaporomoka hadi nafasi ya 15.

Huo ni ushahidi mzito kwa wanaosema mfungaji ndiye mwenye mali. Huko Doha, Olunga hakupoteza muda. Mwaka 2021 aliongoza kwa mabao katika Ligi ya Mabingwa ya Asia akiwa na tisa, na msimu wa 2021/22 akawa mfungaji bora wa Ligi ya Qatar kwa mabao 24. Japan alikuwa na Esaka. Al-Duhail alikuwa na Mkorea Nam Tae-hee, Mtunisia Ferjani Sassi na winga Mbelgiji Edmilson Junior. Walishaji walibadilika, mabao yaliendelea.

Hata hivyo, Olunga huyo huyo akivaa jezi ya Harambee Stars, mashabiki wa Kenya hulalamika kwamba mpira haumfikii. Victor Wanyama, aliyetangaza kustaafu soka la kimataifa Septemba 2021, alikuwa kiungo wa kukaba, na hata enzi zake Kenya haikuwa na mtu wa kudumu wa kuunganisha katikati na mbele. Siku inayokumbukwa zaidi ya Olunga katika fainali za Afrika ni ile ya Juni 27, 2019 mjini Cairo, alipofunga mawili Kenya ilipoichapa Tanzania 3-2. Kwa klabu, mfungaji mkubwa huzungukwa na watu walionunuliwa kwa ajili yake. Kwa taifa, hucheza na waliozaliwa. Ndiyo maana mabao ya Doha peke yake hayatoshi kuthibitisha kwamba angefunga popote.

Mwamba wa Lusaka na viungo wanaofunga

Mjadala ukihamia Kariakoo, nyumbani kwa Simba na Yanga, jina la kwanza ni Clatous Chama, Mzambia aliyejiunga na Simba mwaka 2018. Desemba 23 mwaka huo Simba ilikuwa ikiikabili Nkana, baada ya kufungwa 2-1 Zambia. Matokeo yalikuwa 2-1 kwa Simba, jumla 3-3, na dakika zilikuwa zinayoyoma. Mpira ulipomjia langoni, Chama aliugusa kwa kisigino, ukaingia, na Simba ikafuzu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Machi 16, 2019, dakika za mwisho tena, alifunga bao la ushindi wa 2-1 dhidi ya AS Vita lililoipeleka Simba robo fainali. Jina lake la utani, Mwamba wa Lusaka, halikutoka hewani.

Agosti 2021 Chama aliuzwa RS Berkane ya Morocco. Msimu huo Simba ikapoteza ubingwa kwa Yanga, iliyomaliza ligi bila kufungwa. Alirudi Januari 2022, lakini pengo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Wengi huchukua hilo kama uthibitisho wa thamani yake, na kwa kiasi ni kweli. Lakini katika dirisha lile lile la usajili la Agosti 2021 Simba ilimuuza pia Luis Miquissone kwa Al Ahly. Aliondoka mtoaji pasi pamoja na mkimbiaji wake, tena mwaka ambao Yanga walikuwa wameimarika kuliko miaka kadhaa nyuma. Anayesema ni Chama tu aliyekosekana anachagua nusu ya habari.

Upande wa Jangwani, yaani Yanga, kuna mfano uliogeuza ubishi wote. Fiston Mayele alifunga 17 katika ligi ya 2022/23, akalingana na Saido Ntibazonkiza wa Simba, kisha akauzwa Pyramids ya Misri. Wengi walitabiri ukame. Msimu wa 2023/24 mfungaji bora wa ligi akawa Stephane Aziz Ki wa Yanga, mabao 21, na nyuma yake Feisal Salum wa Azam, mabao 19. Wote wawili ni viungo. Novemba 5, 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1, Kennedy Musonda ndiye mshambuliaji pekee wa Yanga aliyefunga. Manne yaliyobaki yalitoka kwa Maxi Nzengeli aliyefunga mawili, Aziz Ki na Pacôme Zouzoua. Msimu wa 2024/25 ufungaji bora ukaenda tena kwa kiungo, Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16.

Hapa mgawanyo wa zamani, kiungo analisha na mshambuliaji anakula, haufanyi kazi tena. Kocha wa Yanga wa 2023/24, Miguel Gamondi, alimtumia mshambuliaji wa kati kuwavuta mabeki, na viungo wakaingia kwenye nafasi iliyoachwa. Mshambuliaji aliyemaliza mechi bila bao alikuwa ameshiriki katika mawili bila kugusa mpira. Mashabiki wanaomzomea mshambuliaji wa aina hiyo kwa kutofunga wanafanya kosa lile lile wanalolifanya wanaomdharau kiungo kwa kutokuwa na asisti.

Kumfunga mmoja, kuifunga timu

Hatari ya kumtegemea kiungo mmoja inaonekana wazi kwenye mechi ngumu. Mpinzani anamweka mtu mmoja amfuate kila aendako, au anabana nafasi kati ya safu ya kiungo na ya ulinzi hadi mpira unalazimika kupita pembeni. Timu kubwa humjibu kwa kuwa na fundi wa pili na wa tatu. Yanga ya 2023/24 ilikuwa na Aziz Ki, Pacôme na Maxi pamoja, hivyo kumbana mmoja kulimwachia mwingine uwanja. Al-Sadd ilikuwa na Xavi, Gabi na Hassan Al-Haydos. Timu ndogo kama Umm Salal haina jibu hilo, na inabidi imlinde fundi wake kwa njia nyingine: kumshusha chini apokee mbali na mkabaji, au kumwachia mipira ya adhabu na kona ambako hakuna wa kumfuata.

Ukiyaweka yote pamoja, hukumu ni hii. Kiungo huamua ni mara ngapi na kutoka wapi timu itafika langoni. Mshambuliaji huamua ni ngapi kati ya hizo zitakuwa mabao. Wa kwanza akikosekana, timu hupiga mashuti machache na ya mbali. Wa pili akikosekana, hupiga mengi na kupata machache. Kashiwa ilipata tabu ya pili, na Harambee Stars imeishi muda mrefu na ya kwanza. Wanaopima vyote viwili kwa kipimo kimoja, mabao na asisti, hawatakubaliana hata wakibishana hadi alfajiri.

Kuna jambo moja zaidi linalowahusu Waswahili moja kwa moja. Orodha ya mafundi waliotawala Kariakoo kwa miaka ya karibuni ni Haruna Niyonzima wa Rwanda, Chama wa Zambia, Saido wa Burundi, Aziz Ki wa Burkina Faso, Pacôme na Ahoua wa Ivory Coast, na Maxi wa Kongo. Mzanzibari Feisal Salum ndiye mzawa pekee wa kuongezwa kwenye orodha hiyo. Katika fainali za Afrika zilizochezwa Ivory Coast Januari 2024, Taifa Stars ya Tanzania ilifunga bao moja katika mechi tatu, la Simon Msuva dhidi ya Zambia, na hata siku hiyo, Zambia wakiwa 10 kwa kipindi chote cha pili, Stars haikupata la pili hadi Zambia ikasawazisha mwishoni. Chama alikuwa katika kikosi cha Zambia.

Klabu zinanunua mafundi kwa sababu zinataka matokeo leo, na hakuna wa kuzilaumu kwa hilo. Lakini shule za soka za Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Kigoma zinaweza kuanza kuwafundisha watoto wa miaka 12 kugeuza shingo kabla ya kupokea, kazi isiyohitaji uwanja wa nyasi wala fedha. Watangazaji wa ligi nao wanaweza kutuonyesha pasi zilizovunja safu na mipira iliyopokelewa kati ya mistari, badala ya kuishia kwenye kona na kadi. Na wewe unayeangalia kwa simu Umm Salal au kwa televisheni Ilala, mechi ijayo achana na mpira kwa dakika kumi, mfuate kiungo mmoja tu kwa macho, kisha ndiyo uingie kwenye ubishi.